Nchi Takatifu, Ardhi Yenye Masharti

Katika Makumbusho ya Israeli, jijini Yerusalemu, imehifadhiwa sakafu ya vijiwe iliyofukuliwa miaka ya 1970 kwenye magofu ya sinagogi la Rehov, karibu na mji wa Beit Shean. Ina maandishi ya mistari 29, na sehemu kubwa ni orodha ya mazao: matango, matikiti, ufuta, haradali, mchele. Waumini walioingia humo kusali walikumbushwa mazao gani ni marufuku Beit Shean mwaka wa saba, yapi yanadaiwa zaka miaka mingine, na mpaka unapita wapi kutoka kwenye malango ya mji.

Kwangu mimi, hakuna maandishi yanayoeleza vizuri zaidi maana ya “nchi takatifu” katika dini ya Kiyahudi. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, inasema nchi ya Israeli ni takatifu kuliko nchi zote. Sababu inayotolewa ni ya shambani kabisa: ni kutoka huko tu ndiko huletwa hekaluni mganda wa kwanza wa shayiri, malimbuko, na mikate miwili ya Sikukuu ya Majuma. Makaburi ya manabii hayatajwi, wala vita vya wafalme.

Kwa hiyo anayeuchukulia utakatifu huo kama hati ya kumiliki ardhi tu amesoma nusu ya mafundisho. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inafundisha kwamba mwenye ardhi ni Mungu, na wanaoilima ni wageni wake. Ndiyo maana haikuruhusiwa kuuzwa moja kwa moja, na kila mwaka wa saba, unaoitwa shemita, shamba hupumzika. Hapalimwi wala hapapandwi, na kinachoota chenyewe huachiwa kila mtu, maskini na mgeni wakiwemo, hata wanyama. Sura inayofuata ina onyo kali: watu wakiinyima ardhi mapumziko yake, watahamishwa ili ipumzike bila wao.

Maimonides, mwanasheria mkubwa aliyefariki mwaka 1204, alikwenda mbali zaidi. Kwake, utakatifu ulioletwa na Yoshua kwa kuiteka nchi ulikoma Wababeli walipoiteka nao. Ule wa pili, ulioletwa na watu wa Ezra waliorudi kutoka Babeli wakakaa na kulima, haukukoma. Walikofika hao waliorudi ndiko sheria za kilimo zilikobana zaidi, na ndiyo maana Rabi Yuda ha-Nasi, mkusanyaji wa Mishna, aliweza kuulegezea mji wa Beit Shean masharti: haukuwa ndani ya makazi yao.

Je, ni lazima Myahudi aishi huko? Rabi Nahmanides alisema ni amri ya kudumu, na mwaka 1267, akiwa mzee, alitoka Hispania akaenda mwenyewe. Maimonides, aliyeishi Misri, hakuiweka katika orodha yake ya amri 613. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, inasifu sana kuishi huko, lakini humo humo yamo masimulizi ya viapo vitatu, kimojawapo kikiwakataza Wayahudi kuirudia nchi kwa nguvu. Rabi Joel Teitelbaum, kiongozi wa kundi la Satmar, alivitegemea viapo hivyo kulipinga taifa la Israeli. Marabi wengine wanasema hayo ni masimulizi, si sheria.

Afrika Mashariki nayo iliguswa. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa Kishinev, katika Dola ya Urusi, Uingereza ilipendekeza wapewe makazi Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Kwenye mkutano wa Wazayuni, waliodai Wayahudi wawe na taifa lao, uliofanyika Basel mwaka huo, waliotoka ukumbini kwa hasira walikuwa wajumbe wa Urusi, wengi wao si watu wa dini. Rabi Yitzchak Reines, kiongozi wa Wazayuni wa kidini, alikubali pendekezo lichunguzwe, kwa sababu roho za watu zilikuwa hatarini. Mkutano wa mwaka 1905 ulilikataa.

Hoja ya kuokoa maisha ilirudi baadaye. Rabi Ovadia Yosef alifundisha kwamba inaruhusiwa kuachia sehemu ya nchi takatifu ikiwa kufanya hivyo kutaepusha vifo. Rabi Zvi Yehuda Kook alikataa katakata. Huo si ubishi wa vitabuni tu. Matokeo yake yanawaangukia pia Wapalestina, ambao nao wanaiita nchi hiyo ya babu zao, na mwalimu wa dini asiyelitaja hilo anafundisha vibaya.

Shemita bado ipo. Mwaka 1889 marabi kadhaa waliruhusu mashamba yauzwe kwa muda kwa asiye Myahudi ili yaendelee kulimwa na wakulima wasife njaa, na Rabi Abraham Isaac Kook, baba yake Zvi Yehuda, akaitetea ruhusa hiyo mwaka 1910. Wayahudi wengi wenye msimamo mkali wa dini wanaikataa mpaka leo. Mwaka wa saba uliopita ulimalizika Septemba 2022. Ujao utaanza Septemba 2028.