Nondo wa Mchana Wasifyekewe Chakula Chao

Wananchi wengi wakisikia neno nondo humkumbuka mdudu azungukaye taa usiku, au yule ambaye viwavi wake hutoboa nguo sandukuni. Lakini wako nondo watafutao riziki mchana kweupe, nao waonekana hapa hapa Kampala, hasa asubuhi ya jua baada ya mvua.

Tulikwenda na kamera yetu kando ya kinamasi cha Lubigi, penye kishona nguo, ambacho Waganda hukiita ssere, na marejea yenye maua ya manjano. Yafaa kwanza ieleweke kwamba nondo si kipepeo. Papasi za kipepeo zina kirungu nchani. Za nondo wengi ni nyembamba kama uzi au zimechanua kama unyoya.

Aliyetupendeza zaidi ni Utetheisa pulchella, mweupe mwenye madoa mekundu na meusi. Askari hufundishwa kujificha. Mdudu huyu hajifichi. Kiwavi wake hula marejea na kuweka sumu ya mmea huo mwilini, nayo hubaki hata akishaota mabawa. Rangi zake ni onyo kwa ndege. Mwingine, Macroglossum trochilus, husimama hewani mbele ya ua kama ndege chozi, akinyonya kwa mrija mrefu.

Atakaye kuwapiga picha awasogelee polepole, kivuli chake kisiwaangukie, kisha abane pumzi kama mlenga shabaha kabla ya kufyatua kamera.

Juma la pili tulirudi, tukakuta pamefyekwa pote. Hapakuwa na ua wala nondo hata mmoja. Hatuna haki ya kumlaumu mtu. Tangu chuo cha maofisa tumefunzwa kwamba kambi safi ni kambi iliyofyekwa, na amri hiyo tumeitoa sisi wenyewe mara nyingi. Ni kweli kwamba majani marefu karibu na nyumba huficha nyoka. Hata hivyo, si lazima kila ukingo wa mtaro na kila pembe ya kiwanja inyolewe siku moja.

Siku hizi, nyuma ya makazi yetu, twaacha ukanda wa hatua mbili mpaka maua yatoe mbegu. Ndugu msomaji, nawe uache wako, kisha usimame hapo asubuhi utazame.