Azam, DStv au antena: pesa ya king'amuzi inakwenda wapi

Desemba 2013, kampuni ya Bakhresa, ambayo Watanzania waliijua kwa unga, aiskrimu na boti za Zanzibar, iliingia kwenye biashara ya televisheni ya dishi. Wateja walikuwa tayari. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, na aliyetaka kuendelea kuona picha alilazimika kutafuta king'amuzi. DStv ilikuwapo siku nyingi, ila wengi waliiona ya wenye nazo. StarTimes, iliyoingia kwa ubia na shirika la utangazaji la taifa, TBC, ilikuwa imeshika mijini kwa antena. Azam ikaja na Ligi Kuu yetu, Simba na Yanga sebuleni, na hata mechi za timu za mikoani ambazo zamani tulizisikia redioni tu.

Ligi hiyo ndiyo iliyoikuza Azam, na inakula sehemu ya malipo yako. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, yaani wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Tuseme kila nyumba inalipia kifurushi cha shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 240,000. Zinahitajika nyumba 94,000, zote zikilipa bila kuruka hata mwezi mmoja, ili kufidia haki za ligi hiyo peke yake. Bado hujalipa satelaiti, mishahara wala magari ya matangazo. Nyumba isiyotazama mpira inawachangia wanaotazama, na ni haki yake kujua hivyo.

Ndiyo maana nasema kabla ya kuuliza bei ya king'amuzi, kaeni nyumbani mjiulize mnatazama nini. Ligi Kuu ya Tanzania, chukua Azam. Ligi Kuu ya Uingereza iko DStv, lakini pitia orodha ya chaneli kwa makini kabla ya kulipa, maana kifurushi cha chini hakikupi mechi zote. Kama ni taarifa ya habari na vipindi vya nyumbani, antena inatosha kabisa. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwazuia Azam, DStv na Zuku kubeba chaneli za ndani za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu, na nyumba nyingi zikajikuta na ving'amuzi viwili chini ya televisheni moja.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: anga ya kwako. Satelaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo kwa mtu wa Dar es Salaam mawimbi yanashuka karibu na utosini. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, na mawimbi yake yanakuja yameinama kutoka magharibi. Mwembe mkubwa au ghorofa la jirani upande huo litakukatia picha, hata fundi awe bingwa. Mwite apime kabla hujanunua seti. Mvua kubwa nayo hukata picha kwenye madishi yote, na siku za kifurushi zinaendelea kuhesabiwa, kama zinavyohesabiwa umeme ukikatika.

Kwa mpangaji, hesabu inabadilika tena. Kila ukihama unamlipa fundi ashushe dishi, alifunge upya na atafute mawimbi, na pengine ununue waya mrefu zaidi. King'amuzi cha antena unakibeba kwenye begi.

Banda umiza, kibanda cha kutazamia mpira kwa kiingilio, nalo lisidharauliwe. Kwa mtu anayeishi peke yake na kutazama mechi nne kwa mwezi, kiingilio cha shilingi 1,000 ni 4,000 tu. Kwa baba mwenye watoto wanne wanaotaka katuni na mama anayefuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, kifurushi cha mwezi ni nafuu bila ubishi.

Ukishanunua, usilipe kwa mazoea. Ligi ikisimama katikati ya mwaka, shuka kifurushi au acha kabisa mpaka msimu mpya. Hakuna anayekudai. Na ukinunua dishi kwa ajili ya ligi moja, kumbuka kuwa mwenye ligi ni yule mwenye mkataba. Wa Azam na TFF ni wa miaka 10 tangu 2021. Baada ya hapo haki zikienda kwingine, dishi lako litabaki linatazama magharibi, na king'amuzi chake hakifungui chaneli za kampuni nyingine.