Mkasa wa Nyumbani na Mkasa wa Kitabuni

Jioni moja ya mwaka 1972, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, fundi viatu mmoja aliwaketisha mezani watoto wake wawili, mvulana na msichana, akawaambia kuwa wamefika kwenye magofu ya ngome ya kale. Mchezo ule haukuwa na ubao. Baba alieleza wanachokiona, watoto walisema wanachokitenda, na penye shaka dadu ziliamua. Walipambana na nge, kisha wakakuta mazimwi madogo yenye sanduku la sarafu 3,000 za shaba. Walakini sanduku lilikuwa zito mno kubebwa, na watoto walichukia kweli kweli. Ilipotimu saa tatu usiku walipelekwa kulala. Baba akarudi chumbani kwake, akaanza kuchora handaki la pili chini ya lile la kwanza.

Fundi huyo ni Gary Gygax. Mwaka 1974, yeye pamoja na Dave Arneson wa Minnesota, ambaye ndiye aliyemwonyesha kwanza mchezo wa namna hiyo, walitoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 kwa kuanzia. Vijitabu vyake vitatu vilimfundisha msimamizi wa mchezo namna ya kubuni, lakini havikumpa mkasa uliokamilika. Kampuni yao iliamini kwamba hakuna atakayetoa fedha kununua jambo analoweza kulitunga nyumbani kwa penseli na karatasi.

Imani hiyo haikudumu. Mwaka 1975 mkasa wa Arneson uitwao Hekalu la Chura ulichapwa ndani ya kitabu cha nyongeza. Mwaka uliofuata kampuni ya Judges Guild ya mjini Decatur, Illinois, ilianza kuuza ramani na miji iliyobuniwa tayari, na wanunuzi wakajitokeza kwa wingi. Mwaka 1978 kampuni ya Gygax nayo ikaanza kutoa vijitabu vya mikasa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu atokaye kazini jioni, ana watoto wa kuwaogesha na zamu ya alfajiri inamngoja, atapata wapi saa sita za kuchora mahandaki? Kijitabu humpunguzia mzigo huo. Kadhalika katika mashindano hapana budi wote wapewe mtihani mmoja. Kaburi la Mambo ya Kutisha, lililochapwa mwaka 1978, lilikuwa limetumika kwanza katika mashindano ya mwaka 1975.

Askari hawataona ugeni katika ubishi huu. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz wa Prussia aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita uchezwao juu ya ramani, wenye dadu, majedwali na mwamuzi. Kanuni zikaongezeka hata mchezo ukawa mzito. Mwaka 1876 afisa Julius von Verdy du Vernois alishauri majedwali yawekwe kando, mwamuzi mzoefu aamue kwa maarifa yake. Swali lilikuwa lile lile: ni mangapi yaandikwe mapema, na mangapi aachiwe aliyepo?

Ubaya wa mkasa wa kitabuni ni kwamba mwandishi wake hawajui walioketi mezani. Hajui kuwa binti huyu huogopa giza, wala kwamba yule mwingine hukataa kupigana na daima hutafuta suluhu. Nguo ya dukani humtosha kila mtu kidogo, lakini fundi aliyechukua vipimo hujua bega lipi limeshuka. Mfululizo wa Dragonlance, ulioanza mwaka 1984, ulisimulia hadithi kubwa na nzuri. Walakini mashujaa wake walihitajika katika sura za mbele, kwa hiyo msimamizi aliagizwa kuvificha vifo vyao ili waweze kurejea baadaye. Mchezaji ambaye kifo chake si kifo ana hiari gani?

Lakini si kila kilichobuniwa nyumbani ni bora. Wako wasimamizi wanaozipenda hadithi zao kupita kiasi, na hao huwaburuta wenzao kuliko kitabu chochote.

Labda jibu la busara zaidi lilitolewa mapema, mwaka 1978, katika kijitabu cha Mike Carr kiitwacho Kutafuta Yasiyojulikana. Carr alichora ramani na kueleza vyumba, kuta na samani zake, lakini mahali pa kutaja nani anaishi humo na hazina gani imefichwa aliacha wazi. Nyuma aliweka orodha ya viumbe na ya mali, msimamizi achague mwenyewe na kujaza. Baadhi ya nakala kuukuu za kijitabu hicho bado zina mwandiko wa penseli katika nafasi hizo.