Kengele ya radi ianze kupimwa ardhini

Tarehe 27 Januari 2025 radi ilipiga Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Wanafunzi 7 walifariki na makumi wengine wakajeruhiwa. Walikuwa darasani. Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua watoto 18, nao walikuwa darasani. Novemba 2024 watu 14 waliuawa kwenye ibada katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Misiba ya namna hii ikitokea, hoja ya kufunga mitambo ya kutambua radi na kutoa tahadhari huibuka, na ni hoja njema. Lakini neno hilo moja, darasani, linatulazimisha tuulize swali ambalo wauzaji wa mitambo hawaulizwi: kengele ikishalia, mtoto akimbilie wapi? Ninachodai hapa ni kwamba mtambo wa tahadhari haujafungwa, hata kama fundi ameshateremka ngazi na taa ya kijani inawaka, mpaka mahali pa kukimbilia pawe pamepimwa. Kazi ianzie ardhini, kwenye ethi, yaani vyuma vinavyopeleka umeme wa radi udongoni. Kutoka hapo ipande hadi kwenye kengele, na mwisho ndipo ifike kwenye kihisi kilicho juu ya paa.

Sababu ya kuanzia huko chini ni ya kimaumbile kabisa. Ushauri unaotolewa Ulaya na Marekani ni mfupi: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Huko ushauri huo unafaa kwa sababu nyumba imejaa mabomba na nyaya zilizofika ardhini, na umeme wa radi ukiingia hupita humo badala ya kumpitia mtu. Nyumba ya tofali la udongo na paa la bati lililopigiliwa kwenye miti haina njia hiyo. Radi ikitua juu ya bati, umeme unashuka kwa njia yoyote unayoipata: ukuta uliolowa, nguzo, dawati la chuma, mwili wa aliyeegemea dirisha. Ukishafika chini, husambaa sakafuni, ukaweza kupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ndiyo maana radi moja inaangusha darasa zima. Kuwaita watoto kutoka uwanjani na kuwaingiza katika jengo la namna hiyo ni kuwahamisha kutoka hatari moja kwenda nyingine, tena wakiwa wamebanana.

Na hatari yenyewe huku kwetu si ya kubahatisha. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuchambua miaka 16 ya takwimu za setilaiti ya TRMM. Ziwa Maracaibo la Venezuela liliongoza dunia kwa mimweko takriban 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili lilikuwa eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo, lenye mimweko 205. Ukanda wote wa maziwa makuu uko katika mkondo huohuo. Mchana upepo hutoka Ziwa Viktoria kwenda nchi kavu, na mawingu ya radi huinuka alasiri kwenye vilima vya pande zote. Usiku upepo hugeuka, hewa kutoka kila upande hukutana katikati ya maji, na dhoruba hupamba moto baada ya usiku wa manane hadi alfajiri. Mwanafunzi yuko hatarini saa tisa mchana, mvuvi wa dagaa saa tisa usiku. Tofauti hii ya saa ina uzito mkubwa, nami nitairudia mwishoni.

Vifaa vinavyotambua radi havifanani, na kuviweka vyote katika kapu moja ndicho chanzo cha manunuzi mengi mabovu. Kuna kile kinachopima uga wa umeme hewani. Siku ya anga safi uga huo karibu na ardhi huwa kama volti 100 na kitu kwa mita. Wingu la radi likikaa juu, hufika maelfu. Kifaa chenyewe kina mapanga ya chuma kama ya feni ndogo, yanayozunguka yakikifunika na kukifunua kibamba cha chuma kilicho nyuma yake, na kila kinapofunuliwa kibamba hupata chaji kidogo inayopimwa. Uzuri wake ni kwamba kinahisi wingu likijichaji kabla halijapiga hata mara moja. Udhaifu wake ni wa nyumbani kabisa: buibui akitanda utando kati ya mapanga, au vumbi la kiangazi likiganda kwenye kihami, namba zinazotoka zinakuwa za uongo. Kikifungwa chini ya mwembe au pembeni ya tangi refu la maji, uga unapindika na kipimo kinapindika nao. Hivyo kinahitaji eneo la wazi, mtu wa kukifuta mara kwa mara, na kulinganishwa na kipimo kilichochukuliwa kwenye uwanja tambarare.

Aina ya pili husikiliza mawimbi ya redio yanayorushwa na radi. Vituo vingi vilivyotawanyika hunakili wakati wimbi lilipofika, na kwa tofauti ya nyakati hizo kompyuta hupata mahali radi ilipopiga. Mwanga na redio hukata mita 300 katika sehemu ya milioni moja ya sekunde, kwa hiyo saa za vituo lazima zilingane kwa usahihi huo, na setilaiti za GPS ndizo zinazozilinganisha. Kuna pia vihisi vidogo vya bei nafuu vinavyokaa peke yao na kukisia umbali wa radi hadi kilomita 40 hivi. Hivi ndivyo vinavyowavutia wakuu wa shule, na ndivyo vinavyohitaji kupimwa kwa ukali zaidi, maana sikio lao halichagui. Cheche za mashine ya kuchomelea, mota ya mashine ya kusaga inapowashwa, hata inveta mbovu ya sola, zote zinaweza kusikika kama radi. Jaribio la kwanza basi lifanywe siku ya jua kali: mwite fundi wa kuchomelea achome geti, washa mashine ya nafaka jirani, washa na uzime jenereta la shule, na kila kengele inayolia iandikwe. Kifaa kinachopiga kelele mara kumi siku isiyo na wingu kihamishwe au kirudishwe dukani.

Kuna jambo moja ambalo mitambo ya kusikiliza redio haiwezi, hata iwe ya gharama gani: kuitangulia radi ya kwanza. Inatambua kilichokwisha kupiga. Wingu likitokea mbali, hilo si tatizo. Dhoruba inayosafiri kilomita 40 kwa saa, ikitambuliwa ikiwa kilomita 10 mbali, inaacha dakika 15, na shule iliyofanya mazoezi inaweza kuhamisha wanafunzi wake kwa nusu ya muda huo. Lakini mawingu ya alasiri huku mara nyingi huzaliwa palepale juu ya vichwa vyetu, na radi ya kwanza inaweza kuwa ndiyo inayoua. Mahali pa hatari kubwa basi panahitaji vyote viwili, kinachohisi chaji na kinachosikiliza mbali. Anayeambiwa kimoja kinatosha anapaswa kuomba aonyeshwe rekodi.

Katika nchi zilizotangulia, rekodi hiyo hutafutwa kwa bidii. Juu ya mlima Gaisberg nchini Austria kuna mnara unaopigwa na radi mara kwa mara. Wataalamu wamefunga hapo vipimo vya mkondo wa umeme, na kila mnara unapopigwa huangalia kama mtandao wa vihisi umeiona radi hiyo, na umeiweka umbali gani kutoka mahali pake halisi. Sisi tunaweza kufanya kwa daftari. Kila siku yenye mawingu iandikwe saa kengele ilipolia, saa mweko wa kwanza ulipoonekana, sekunde ngapi zilipita hadi ngurumo (kila sekunde 3 ni kama kilomita moja), na saa watu walipokuwa wote salama. Mwisho wa msimu daftari litatoa majibu ya aina nne: tahadhari iliyofaa, iliyochelewa, ya bure, na radi iliyopiga karibu bila tahadhari. Huu ndio mgawanyo uliomo, kwa lugha ya kitaalamu zaidi, katika kiwango cha kimataifa cha IEC 62793. Mimi ningesema mtambo usikabidhiwe rasmi kabla haujapita msimu mzima wa vuli na wa masika, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri daftari hilo.

Hapa ndipo pingamizi la kengele za bure linapokuja, na ni pingamizi la haki. Walimu watasema: masomo yakikatizwa mara tatu kwa wiki na radi isipige, mara ya nne hakuna atakayesimama. Ni kweli. Lakini daftari litaonyesha kwamba nyingi ya kengele hizo zilikuwa na sababu: radi ilipiga kilomita 4 kutoka shuleni, na umbali huo wingu huweza kuuruka kwa mweko mmoja. Zilizobaki, zile za bure kwelikweli, zinapunguzwa kwa kurekebisha kiwango ambacho kifaa huamshwa, na kila anayekirekebisha ajue anachobadilishana. Ukikifanya kizito kuamka, unapunguza kelele na kuongeza uwezekano wa radi isiyotangazwa. Mgodi wa wazi au kiwanja cha ndege hupima kengele ya bure kwa fedha. Shule hupoteza kipindi cha dakika 40, ambacho mwalimu anaweza kukifundisha mahali pa hifadhi penyewe. Kwa bei hiyo, shule istahimili kengele za bure zaidi ya mgodi. Na kengele ya kuruhusu watu watoke isipigwe kabla ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata jua likiwa limeshachungulia.

Wengine watauliza kwa nini tufunge chochote, ilhali tangu Desemba 2022 kuna setilaiti ya Ulaya, ya kizazi cha tatu cha Meteosat, iliyobeba kamera za kutazama mimweko ya radi juu ya Afrika yote. Setilaiti hiyo ni neema, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikiitumia pamoja na rada kama ile ya Mwanza, mikoa mizima itafaidika. Ila kutoka kilomita 36,000 angani jicho lake linaona vipande vya kilomita kadhaa, na halitenganishi mweko uliobaki mawinguni na ule uliogusa ardhi. Inafaa kumwambia afisa wa wilaya kwamba alasiri hii ina hatari. Mwalimu anayeamua dakika ya kukatisha mechi anahitaji kitu cha karibu zaidi, na hata simu yake ikipata taarifa hiyo, bado swali la wapi pa kukimbilia linabaki palepale.

Pingamizi zito kuliko yote linasema: kama hifadhi ndiyo muhimu, fedha zote ziende kwenye mitego ya radi na ethi, vihisi viachwe. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nakubali bila kusita. Mtego wa radi usio na ethi nzuri ni kama mfereji wa bati usio na mtaro: maji yatajitafutia njia. Kwa hiyo fundi apige vyuma vyake vya kupimia ardhini Septemba, udongo ukiwa umekauka kabisa, na asome mita yake. Kipimo kinacholengwa kwa kawaida ni omu 10 au chini ya hapo. Mwanza, penye miamba, fimbo moja haitafika popote, na itabidi waya uzikwe kulizunguka jengo zima. Wizi wa shaba ni tatizo la kweli, lakini chuma kilichopakwa zinki kinakubalika kwa kazi hiyo na mwizi hana haja nacho. Shule isiyoweza kukinga majengo yote ikinge mawili, au ianze na kontena la chuma au basi lenye bodi ya chuma, ambamo umeme hupita nje ya ganda na aliye ndani akasalimika, mradi asishike ukuta. Hapo ndipo tahadhari inapopata thamani yake: hifadhi ikiwa ni chache, muda wa kuifikia unakuwa mali.

Lipo pia suala la imani, kwamba radi hutumwa. Familia iliyofiwa inapouliza kwa nini mtoto wao na si wa jirani, sayansi haina jibu la kuwafariji, na si busara kuwadhihaki. Ila kuna imani moja ya kupingwa kwa sauti kubwa, kwamba aliyepigwa asiguswe. Mwili wake haubaki na umeme. Mara nyingi moyo au pumzi vimesimama tu, na kumkandamiza kifua na kumpulizia hewa papo hapo kunaweza kumrudisha. Mazoezi ya kengele yasiyofundisha hilo yameishia katikati.

Nilisema nitarudi kwa mvuvi. Yeye yuko kwenye mtumbwi wa mbao, taa zinawaka juu ya maji, na hakuna jengo wala kontena umbali wa kilomita 15. King'ora cha dakika 15 kitamkuta angali anavuta wavu. Tahadhari yake lazima imfikie kabla hajawasha injini, na hilo linawezekana: mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulijengwa juu ya utabiri wa aina hiyo kwa ziwa, na watafiti wameonyesha kwamba dhoruba za alasiri kwenye nchi kavu inayolizunguka zinatoa dalili ya dhoruba za usiku majini. Mtambo wa mwaloni basi upimwe kwa kipimo chake. Saa kumi na moja jioni ubao uwe umeandikwa, bendera imepandishwa, na daftari la BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, liwe na safu mbili za ziada: mitumbwi mingapi ilibaki ufukweni usiku ule, na mingapi iliyoondoka ilirudi asubuhi.