Makengeza ya Waachao Heroini

Kila jicho la binadamu huendeshwa na misuli sita. Ili mtu aone kitu kimoja, ubongo hauna budi kuiongoza misuli yote 12 iyaelekeze macho mahali pamoja, kisha uziunganishe taswira mbili ziwe moja. Watu wengi wana mwelekeo mdogo wa macho kwenda ndani au nje, lakini hawautambui kwa kuwa ubongo huusahihisha daima.

Dawa za jamii ya afyuni, kama vile mofini na heroini, huweza kuivuruga kazi hiyo. Mtumiaji wa heroini huwa na mboni zilizosinyaa, na macho yake huweza kuachana, yakielekea nje. Aachapo dawa, mambo hugeuka: mboni hupanuka, na macho huweza kuelekea puani. Hayo ndiyo makengeza ya ndani. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, hasa atazamapo mbali. Basi moja lijalo huwa mawili. Akifunika jicho moja, lolote lile, taswira ya pili hutoweka. Hiyo ni dalili kwamba kasoro imo katika ulinganifu wa macho mawili.

Nchini Tanzania, tiba ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni. Humwezesha mgonjwa kuiacha heroini bila kuteswa na arosto. Hatari iko kwa yule asiyeelezwa mapema habari za macho. Huenda akadhani kwamba kuacha dawa ndiko kunakomharibia macho, akairudia.

Hata hivyo, si kila kuona viwili ni kwa sababu hiyo. Katika makengeza haya kila jicho huweza kugeuka pande zote kikamilifu. Ikiwa jicho moja linashindwa kugeukia nje, au ikiwa kuna homa, shingo kukakamaa au maumivu makali ya kichwa, yawezekana mshipa wa fahamu au ubongo umeathirika. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja.

Mara nyingi makengeza ya kuacha dawa hupungua yenyewe. Wakati huo mgonjwa asiendeshe gari. Anaweza kufunika jicho moja au kupewa miwani ya prizimu, ambayo huipinda nuru ili taswira zikutane. Yakidumu, misuli ya macho hurekebishwa kwa upasuaji. Kumweleza mgonjwa mambo haya kabla hajaanza kuacha dawa ni sehemu ya tiba yenyewe.