Fahamu Maana ya Neno "Msaili" na Matumizi Yake Mpakani Horohoro

Msafiri anayevuka Horohoro, wilayani Mkinga, kwenda Lunga Lunga nchini Kenya huulizwa atokako, aendako na shughuli yake. Muulizaji huyo ni mhoji. Akibana kwa maswali mfululizo, huitwa msaili.

Neno hilo linatokana na kitenzi "saili", chenye asili ya Kiarabu, ndugu wa "swali" na "suala". Kusaili ni kuuliza kwa kina hadi ukweli upatikane, ndiyo maana wengi hulisikia kwa hofu. Hata hivyo, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaita waombaji kazi kwenye usaili, wala hashtuki mtu, isipokuwa pengine mwenye vyeti vya kughushi. "Dodoso" nalo lina sura mbili: mahakamani humbana shahidi, ilhali katika Sensa ya mwaka 2022 lilikuwa orodha ya maswali.

Hivyo, msafiri atakayeambiwa kuwa atasailiwa hajashtakiwa. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inampa afisa mamlaka ya kuhoji, na kutoa taarifa za uongo ni kosa. Kufoka hakumo katika maana ya kusaili.