Maumivu ya Maungio na Msaada Ulio Karibu

Leo nitazungumza nanyi juu ya maradhi yanayojulikana sana kando ya Ziwa Viktoria, nayo ni maradhi ya maungio.

Mfikirini mama mmoja wa Igombe, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa. Kila asubuhi vidole vya mikono yake yote miwili vimevimba na kukazana, hata hawezi kufunga kanga yake mpaka jua lipande. Jirani mmoja asema ni baridi ya ziwa. Wa pili asema ni uzee. Wa tatu anong'ona habari za uchawi. Mnong'ono huo si mchezo. Katika miaka ya 1990 na 2000 wanawake wazee wengi wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Basi, ukweli ni upi? Maradhi haya ni ya aina nyingi, lakini mbili yatupasa kuzijua. Ya kwanza ni kuchakaa. Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu laini. Gegedu likilika, goti au nyonga huuma wakati wa kazi, na hupoa kwa mapumziko. Ya pili huitwa baridi yabisi, ingawa haletwi na baridi. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakayashambulia maungio ya mwenyewe. Huwapata hata vijana, na wanawake kuliko wanaume. Alama yake ni kukazana kwa viungo asubuhi kwa muda wa saa nzima au zaidi. Yasipotibiwa mapema, maungio huharibika, na yaliyoharibika hayarudi kama yalivyokuwa.

Kwa hiyo mama yule asikawie, aende zahanati. Huko, ikihitajika, ataandikiwa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, au Sekou Toure mjini Mwanza, au Bugando, hospitali kubwa ya kilimani iliyofunguliwa mwaka 1971. Vidonge vya dukani vikimezwa kila siku pasipo shauri la mganga huficha maumivu tu, navyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Wazee nao wasikate tamaa kwa ajili ya fedha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikusudia kwamba mtu wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Jamaa zake waulize habari hiyo katika ofisi ya kijiji.

Lakini mganga haishi nyumbani mwa mgonjwa. Sisi ndio tuishio naye. Mpini wa jembe lake na uzungushiwe kitambaa ili uwe mnene, asikaze vidole mno. Apewe ndoo ndogo, na kiti badala ya kigoda kifupi. Wala asilazwe kitandani mchana kutwa. Atembee na kukunjua viungo kila siku, kwa maana misuli isiyotumika hudhoofika. Usukumani vijana walizoea kwenda pamoja kumlimia jirani kwa ngoma na nyimbo. Desturi hiyo yafaa kumfikia mgonjwa huyu wakati wa palizi.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mganga alete kinga chake, nasi tulete chetu. Kwaherini.